Arbia na Simu ya Mwalimu Nkirote

Shule ilipofungwa alasiri, Arbia hakukawia njiani. Alifika nyumbani, akavua sare, akala wali uliobaki mchana, kisha akaenda kumpokea mama yake zamu dukani.

Duka la mama huyo, aliyeitwa Sahara, lilikuwa chumba kimoja cha mabati katikati ya Bula Gurey, kijiji cha wafugaji kilicho safari ya zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka mji wa Hulugho. Liliuza sukari, majani ya chai, tambi, sabuni na betri za tochi. Juu ya paa palikuwa na paneli mbili za sola, na ndani, juu ya ubao mrefu, simu za kijiji kizima zilipangwa zikichajiwa. Kila simu ilikuwa imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe.

Arbia alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Simu yoyote ikiita, yeye ndiye aliyeipokea. "Mwenyewe hayupo," angesema kwa adabu. "Nimpe ujumbe gani?" Kisha angeandika ujumbe huo kwenye daftari na kuufikisha. Watu wote wa Bula Gurey walimwamini kwa kazi hiyo.

Jumatatu moja, simu iliyoita ilikuwa ya Mwalimu Nkirote.

"Naomba kuzungumza na Mwalimu Nkirote," ilisema sauti ya mwanamke. "Napiga kutoka chuo kikuu, Nairobi."

"Mwalimu bado yuko shuleni. Nimpe ujumbe gani?"

"Mwambie mahojiano yake ya uzamivu yamewahishwa. Si Jumatatu ijayo tena, ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi, kwa njia ya video. Nilimtumia barua pepe lakini hajajibu. Asipoonekana Alhamisi, nafasi hiyo na ufadhili wake atapewa mwingine. Tafadhali, usisahau."

"Sitasahau," alisema Arbia.

Simu ilikatika. Arbia alichukua kalamu, akafungua daftari, lakini mkono wake haukuandika kitu. Alijua kwamba mwalimu hangeiona ile barua pepe, kwa kuwa Bula Gurey palikuwa na mtandao wa kupiga simu tu. Aliyetaka intaneti alikwenda Hulugho.

Aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Halafu akaifuta namba iliyopiga, akairudisha simu kwenye chaji, na kufunga daftari.

Arbia hakuwa mtoto mwongo. Ili umwelewe, ni lazima ujue habari ya meno yake.

Tangu meno yake ya kudumu yalipoota, yalikuwa na madoa ya kahawia, kama yaliyopakwa chai nzito. Aliyasugua kwa mswaki wa mti asubuhi na jioni, mpaka fizi zikatoka damu, lakini madoa hayakutoka. Alijifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa ushungi. Darasani hakujibu maswali hata yale aliyoyajua. Watoto wengi wa kijiji walikuwa na madoa kama hayo, lakini yake yalizidi, na yeye aliamini kuwa ni uchafu wake mwenyewe.

Mwalimu Nkirote alipofika kutoka Meru miaka miwili iliyopita, shule ilikuwa imekaa mihula miwili bila mwalimu wa sayansi. Wiki ya kwanza tu alimwita Arbia kando.

"Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?" alimuuliza.

Arbia aliinamisha kichwa. "Mara nyingi, mwalimu. Mara nyingi sana."

"Basi acha kujiumiza. Huo si uchafu. Maji ya kisima chetu cha mashine yana madini mengi yanayoitwa floraidi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengwa, meno hutoka hivyo. Hukukosea chochote, Arbia. Umesikia? Hukukosea chochote."

Siku hiyo Arbia alirudi nyumbani akilia, na mama yake alipouliza kuna nini, alisema hakuna kitu, amefurahi. Tangu hapo alianza kunyoosha mkono darasani. Mwisho wa mwaka alikuwa wa pili katika sayansi.

Na sasa mtu wa Nairobi alitaka kumchukua mwalimu huyo.

* * *

Jumanne, Gredi ya Saba walikusanyika nyuma ya darasa, mahali zilipopangwa ndoo tatu za kuchujia floraidi, zenye bomba dogo chini. Ndani ya kila ndoo mlikuwa na mifupa ya ngamia iliyochomwa na kusagwa. Wanafunzi wenyewe ndio walioikusanya mifupa hiyo kwa mchinjaji. Kabla ya kuanza, Mwalimu Nkirote alikwenda kwa imamu kuuliza kama jambo hilo linafaa, na imamu akajibu kwamba mnyama akiwa amechinjwa kwa sheria, mfupa wake hauna tatizo. Walipoichoma ndani ya pipa lililofunikwa, harufu ilikuwa mbaya hata mbuzi wakahama upande ule.

Mwalimu alikinga maji kidogo kutoka kwenye ndoo ya kwanza, akadondosha matone mekundu ya dawa ya kupimia. Rangi ikiendelea kuwa nyekundu, maji ni mazuri. Ikififia, floraidi ni nyingi. Wote waliinama kutazama. Rangi ilififia.

"Wiki mbili zilizopita ndoo hii ilisafisha maji vizuri," alisema Nasteho, rafiki yake Arbia. "Kwa nini imechoka mapema hivi?"

"Sijui," alijibu Mwalimu Nkirote.

Wanafunzi walitazamana. Hawakuzoea kusikia mwalimu akisema hivyo.

"Vitabuni imeandikwa kuwa chujio la namna hii hudumu miezi kadhaa. Letu halimalizi wiki ya nne. Labda ni chumvi iliyomo katika maji yetu. Labda ni jinsi tulivyoichoma mifupa. Nimewaandikia watu wanaojua kuliko mimi, nao wamesema hakuna aliyechunguza maji kama haya. Ndiyo maana nataka kwenda kusomea uzamivu."

"Uzamivu?" Nasteho alidakia. "Utazamia wapi, mwalimu? Hapa hata mto wa laga umekauka!"

Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. "Nitazamia ndani ya ndoo hii," alisema. "Ni elimu ya mtu kushika swali moja lisilo na jibu na kutoliacha, hata kwa miaka minne."

Arbia hakucheka. Kengele ilipolia alibaki akisuuza chupa, na Mwalimu Mkuu Warsame akaja akasimama karibu na Mwalimu Nkirote. Alikuwa mtu wa Wajir, mrefu, mwenye sauti nzito, na hakujali kama Arbia anasikia.

"Mwalimu, nikuulize kama kaka yako," alianza. "Una shahada ya kwanza, una ya uzamili. Miaka minne mingine ya nini? Binamu yangu ni mhandisi, alisoma mpaka akaitwa daktari. Leo anauza vipuri vya magari Eastleigh. Wenzake walioishia shahada ya kwanza wana kazi na wamejenga."

"Husemi uongo," alijibu Nkirote. "Marafiki zangu wawili waliacha katikati, wamechoka. Mtu akienda kwa sababu hana la kufanya, au ili aitwe daktari tu, afadhali abaki kazini. Mimi mwenyewe nimelifikiria jambo hili mwaka mzima."

"Basi kaa. Watoto hawa watampata nani?"

"Hilo ndilo linaloniuma. Lakini nikikaa, Mwalimu Mkuu, mwaka ujao nitawaambia tena kwamba sijui. Na mwaka unaofuata pia."

Warsame alitikisa kichwa, akaondoka. Arbia aliendelea kusuuza chupa moja ile ile, ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

* * *

Jumatano alasiri, Mwalimu Nkirote alipita dukani kuchukua simu yake. Mama Sahara alikuwapo siku hiyo, akipanga tambi kwenye rafu, na Salah, mdogo wake Arbia mwenye miaka minne, alikuwa sakafuni akichezea vifuniko vya chupa.

"Jumapili nitaondoka na lori la mbuzi kwenda Hulugho," alisema Mwalimu Nkirote. "Jumatatu nina mahojiano yangu. Niombee, Mama Arbia."

"Inshallah utafaulu, walaal, dada yangu," alisema Sahara. "Lakini acha nikuulize, nami sikusoma. Ukishalipata jibu hilo, sisi tutalijua? Au litaandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa ndani ya kabati huko Nairobi?"

"Hilo ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa," alisema Mwalimu Nkirote. "Nakuahidi jibu litaletwa hapa kwanza, na utalisikia kwa lugha unayoielewa."

Kisha akachuchumaa mbele ya Salah. "Fungua mdomo, kijana. Lo! Meno meupe kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema Sahara. "Huyu amesalimika."

"Bado, Mama Arbia. Haya ni ya utotoni, yatang'oka. Meno yake ya kudumu yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi, kwa maji anayokunywa leo. Tukipata chujio linalodumu mapema, yatatoka meupe. Tukichelewa, yatatoka kama ya dada yake."

Arbia alikuwa amesimama nyuma ya ubao wa simu. Alimtazama Salah aliyekuwa akicheka na mdomo wazi. Alihisi kwamba asipozungumza wakati ule, hatazungumza tena.

"Mwalimu," alisema. "Mahojiano si Jumatatu."

"Unasemaje?"

"Ni kesho. Saa nne asubuhi. Walipiga simu juzi, mimi nikapokea. Wakasema usipoonekana watampa mtu mwingine." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Sikukuambia. Nikaifuta namba. Sikutaka uondoke, mwalimu. Kabla yako hatukuwa na mwalimu wa sayansi. Mimi... nilidhani ukikosa, utabaki na sisi."

Mama Sahara alikiweka chini kifurushi cha tambi.

Mwalimu Nkirote alitoka nje ya duka. Alisimama akiwapa mgongo, mikono kiunoni, akitazama barabara tupu ya mchanga. Aliporudi, uso wake ulikuwa mkali.

"Nimekasirika, Arbia. Sitaki kukuficha. Nimekasirika sana. Sasa niambie kila neno alilolisema."

Arbia alisimulia tena, neno kwa neno. Mwalimu alitafuta namba ya ofisi ya chuo iliyokuwa katika barua yake ya zamani, akapiga mara tatu. Iliita bila kupokelewa, kwani saa za kazi zilikuwa zimepita. Na lori la mbuzi lilikuwa limekwishaondoka asubuhi ile, halitaondoka tena mpaka Jumapili.

"Mwalimu Mkuu ana gari," alisema Sahara, akijifunika vizuri ushungi wake. "Arbia, twende. Nawe ndiye utakayemwambia."

Ilikuwa vigumu zaidi kusema jambo lile kwa mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Warsame alisikiliza mpaka mwisho akiwa mlangoni kwake, kanzu begani.

"Mimi nilitaka abaki," alisema polepole. "Mwenyewe ulinisikia. Lakini nilimwambia machoni pake. Kama angekosa nafasi hii kwa hila, ningemtazamaje tena shuleni?" Akamgeukia Mwalimu Nkirote. "Tutaondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama Sahara, njoo nasi. Na huyu binti aje pia. Gari langu likikwama mchangani, atasukuma."

* * *

Gari la Warsame, Probox kuukuu iliyofungwa mlango mmoja kwa kamba, lilikwama kweli. Kulikuwa kumekucha walipofika kwenye laga, na magurudumu ya nyuma yakazama mpaka katikati. Warsame alikanyaga mafuta, mchanga ukaruka, gari likazidi kudidimia.

"Leteni matawi!" alipiga kelele.

Matawi yaliyokuwa karibu yalikuwa ya mathenge, yenye miiba mirefu. Arbia hakungoja panga. Aliyavunja kwa mikono, akayaburuta, akayapanga mbele ya magurudumu, akarudi kuleta mengine. Viganja vyake vilichanika. Mwalimu Nkirote, akiwa na nguo zake nzuri za mahojiano, alipiga magoti mchangani upande wa pili akichimba kwa sahani ya bati. Kisha wote watatu wakasukuma, mama, mwalimu na mwanafunzi, mpaka gari likanguruma na kuchomoka.

"Nionyeshe mikono," alisema Mwalimu Nkirote waliporudi ndani. Alitoa leso, akaifunga kwenye kiganja cha Arbia kilichokuwa kikitoka damu nyingi zaidi. Alikifunga kwa upole.

Waliingia Hulugho saa tatu na dakika arobaini na tano. Duka la intaneti lilikuwa karibu na msikiti. Mwalimu alipangusa mchanga usoni, akakaa mbele ya kompyuta, na saa nne kamili nyuso za watu watatu zikatokea kwenye skrini. Arbia na mama yake walibaki nje kwenye benchi. Kupitia dirishani walimwona mwalimu akizungumza, akinyamaza, akitabasamu, akizungumza tena huku mikono yake ikionyesha ukubwa wa ndoo. Warsame alizunguka gari lake mara nyingi, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihojiwa.

Baada ya saa moja Mwalimu Nkirote alitoka.

"Haye, vipi?" aliuliza Warsame.

"Sijui kama watanichukua," alijibu mwalimu. "Lakini nimesema yote niliyotaka kusema. Asanteni. Mwalimu Mkuu, asante. Mama Arbia, asante kwa kufunga duka lako." Kisha akamtazama Arbia. "Nawe pia, asante."

"Mimi, mwalimu? Mimi nilikukosea."

"Ulinikosea Jumatatu, na hilo sijalisahau. Lakini jana hakuna aliyekulazimisha kusema. Ungenyamaza, nisingejua kamwe ni nani aliyeniharibia. Ulisema ukijua kwamba utaniumiza na kwamba utanipoteza. Kwa hilo nakushukuru."

* * *

Alikubaliwa. Habari ilifika baada ya wiki tatu, na mwishoni mwa Agosti Mwalimu Nkirote akaondoka Bula Gurey. Siku hiyo wazazi walikuja shuleni. Mama Sahara alimletea mtungi mdogo wa samli, na imamu akamwombea dua. Mwalimu Mkuu Warsame alisimama akasema kwamba bado haamini kila mwenye shahada ya sayansi anapaswa kuendelea mpaka uzamivu, kwani nchi inahitaji pia watu wa kutengeneza pampu na kufundisha watoto. "Lakini huyu," alisema, "amebeba swali la kisima chetu. Nani mwingine angelibeba?"

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kwa wiki sita hakukuwa na mwalimu wa sayansi, na wanafunzi wa Gredi ya Tisa waliwasomesha wadogo wao walivyoweza. Halafu akaja kijana kutoka Mandera, Mwalimu Abdiwahid, aliyekuwa na haya siku za kwanza, lakini hesabu alizijua vizuri.

Mwezi wa Desemba, Mwalimu Nkirote alirudi kama alivyoahidi. Alikaa siku kumi, akapima maji, akachoma mifupa upya kwa moto mdogo zaidi. Siku ya mwisho aliwakusanya wazazi wote akawaeleza alichokipata, kwa Kiswahili, na Warsame akatafsiri kwa Kisomali. Alisema wamegundua kwamba hapo awali moto ulizidi. Sasa chujio lilitarajiwa kudumu zaidi, ingawa bado hakujua kwa muda gani, na kazi ilikuwa bado kubwa. Kina mama walimuuliza maswali mpaka jua likaanza kushuka, na kila mmoja akaondoka na ndoo ya chujio.

Arbia na mama yake walirudi nyumbani wakiibeba ndoo yao pamoja, kila mmoja ameshika upande wake, na Salah akikimbia mbele.

"Hooyo," Arbia alimwambia mama yake, "ningenyamaza siku ile, ndoo hii isingekuwapo."

"Isingekuwapo," alikubali Sahara. Walitembea kidogo kabla hajaendelea. "Ulimpenda mwalimu wako, najua. Alikutendea wema mkubwa, ukaona njia ya kuushika wema huo ni kumzuia asiende. Sisi watu wazima pia hufanya hivyo, mwanangu. Lakini mtu aliyekutendea wema humlipi kwa kumdanganya. Mwambie ukweli, hata kama utakufanya ulie, kisha msaidie afike anakokwenda. Hiyo ndiyo shukrani. Na ukikosea, kama ulivyokosea, usingoje ugunduliwe. Sema mapema, wakati bado kuna gari la kusukuma."

Arbia alicheka, na mama yake akacheka naye. Walipofika mlangoni waliitua ndoo taratibu, wakaijaza maji ya kisima, wakakaa kungoja tone la kwanza.